Kabla ya Kushika Spana: Somo la Kiyoyozi cha Gari la Mashindano

Utangulizi

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha wilayani Buhigwe, tulikaa nyuma ya Darasa la Sita tukimsikiliza mwanachuo akifundisha habari za joto. Alikuwa amejiandaa vema. Mchoro wake ubaoni ulikuwa safi na sauti yake ilisikika hadi dawati la mwisho. Ili kuwavuta watoto, alitaja gari la zamani linalotayarishwa kwa mashindano, akaeleza kwamba mafundi hung'oa kiyoyozi chake ili lipungue uzito. Watoto walichangamka. Ndipo mvulana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, ile baridi iliyomo inakwenda wapi?" Mwanachuo akajibu: "Inatoka tu hewani, haina neno." Akaendelea na somo.

Jibu lile lilikuwa fupi, lakini lilibeba makosa mawili. Kosa la kwanza ni la maarifa, kwa kuwa ndani ya kiyoyozi hamna baridi iliyowekwa akiba. Kosa la pili ni la hatari. Baadhi ya watoto wetu, wamalizapo shule, hujifunza ufundi katika gereji, na magari mengi yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani yana viyoyozi. Atakayelikumbuka neno la mwalimu wake atakata bomba bila hofu. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kueleza jinsi mfano huu unavyoweza kufundishwa kwa usahihi, kwa vifaa vinavyopatikana vijijini.

Chimbuko la mfano

Mashindano ya magari si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano yaliyokuja kujulikana kama Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda kwa gari aina ya Volvo PV544 lililokwisha kutumika. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo yamewahi kupita Tanzania. Katika barabara za mawe na vumbi, kila kilo hubebwa na injini, na hubebwa pia na springi, breki na matairi. Ndiyo maana mtayarishaji huondoa viti vya nyuma, mazulia na, likiwa nacho, kiyoyozi.

Hata hivyo, mwalimu asianzie hapo. Mtoto wa Buhigwe aijua baiskeli kuliko gari la mashindano, naye ameona kazi ya kupandisha mzigo mlimani. Tuanze na anachokijua.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto lililomo ndani ya gari na kulipeleka nje. Gesi maalumu huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huikandamiza gesi hiyo nayo hupata moto. Gesi hupita katika kondensa iliyoko mbele ya rejeta, hutoa joto lake kwa upepo, na kugeuka kuwa kiowevu. Kiowevu hicho hupenyezwa katika tundu jembamba, kanieneo lake hushuka, nacho huvukiza ndani ya kipoza kilichoko nyuma ya dashibodi. Katika kuvukiza huchukua joto la hewa ya ndani. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa na kuanza safari upya.

Vifaa hivi vyote kwa pamoja huwa na uzito wa kilo 20 hivi, kwa kadiri ya gari. Mwalimu asitie chumvi kuhusu faida ya kuviondoa. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, klachi ya kompresa huachia, na injini haibebi kazi kubwa. Kwa hiyo faida inayobaki ni wepesi, pamoja na upepo kuifikia rejeta bila kizuizi cha kondensa. Hasara nayo ipo: dereva huvumilia joto na vumbi. Kwa gari la kawaida la familia, kazi hiyo haina maana.

Sasa turudi kwenye swali la mvulana. Magari ya zamani, hasa yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1990, yalitumia gesi iitwayo R-12, ambayo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliweka njia ya kuacha gesi za namna hiyo. Iliyofuata, R-134a, haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewaukaa. Kwa ajili hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za kundi hilo.

Tena hatari iko karibu na fundi mwenyewe. R-134a huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikimrukia mtu ikiwa kiowevu, huigandisha ngozi na yaweza kumpofusha. R-12 ikikutana na ndimi za moto huzaa hewa yenye sumu.

Hatua za somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Vifaa ni baiskeli, pampu yake, mtungi wa udongo wenye maji, na spiriti kidogo.

Hatua ya kwanza: Mwalimu aweke baiskeli mbele ya darasa na kuuliza, "Mwenye baiskeli hii akitaka kushindana, aondoe nini?" Watoto watataja keria, madigadi na kengele. Kwa kila kifaa waulizwe: kina kazi gani? Kimeshikamana na nini? Kikiondolewa, tutakosa nini? Akitokea wa kutaja breki, asichekwe. Darasa zima lijadili jibu lake.

Hatua ya pili: Mtoto apake maji mgongoni mwa mkono wake na kuupuliza. Mwalimu mwenyewe adondoshe tone la spiriti kwenye mkono wa mwingine, mbali na moto. Watoto waeleze ni kipi kilichopoza zaidi, kisha waguse mtungi. Wafikie wenyewe kauli hii: kiowevu kinapovukiza huchukua joto.

Hatua ya tatu: Mtoto azibe mdomo wa pampu kwa kidole na kusukuma mara nyingi, kisha wenzake waguse sehemu ya chini ya pampu. Wataona kwamba hewa iliyokandamizwa hupata moto. Hapo mwalimu achore mzunguko wa kiyoyozi. Watoto watakuwa wameshagusa kila sehemu yake kwa mikono yao.

Hatua ya nne: Darasa lipange, kwa maneno tu, utaratibu wa kukiondoa kiyoyozi:

1. Fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi aihamishe gesi yote kwenye mtungi wake. Kabla ya hapo, bomba lisifunguliwe.
2. Kompresa, kondensa na mabomba yafunguliwe.
3. Mkanda ushughulikiwe. Ikiwa kompresa ina mkanda wake peke yake, uondolewe. Ikiwa mkanda huo huzungusha vifaa vingine pia, upatikane wenye urefu ufaao.
4. Matundu yaliyobaki katika ukuta wa bati utenganishao injini na dereva yazibwe, ili moshi na moto visipenye.
5. Feni na hita vibaki, kwa maana ndivyo vinavyoondoa ukungu kwenye kioo wakati wa mvua. Mabomba ya maji ya hita yasichanganywe na mabomba ya gesi.

Hatua ya tano: Hesabu. Gari la kilo 1,000 likiondolewa kilo 20, limepungua asilimia ngapi? Watoto watapata 2. Je, yastahili? Kila kikundi kitetee jibu lake.

Mambo ya kuepuka

Wanachuo wengi huanza na majina ya vifaa na kumaliza na kazi zake. Watoto hukariri "kompresa" na "kondensa" bila kujua joto limetoka wapi na limekwenda wapi. Tuanze na kazi, jina lifuate. Aidha, mwalimu asimruhusu mtoto kugusa kiyoyozi halisi, hata kama gari ni bovu na limelala miaka mingi. Gesi yaweza kuwamo bado.

Hitimisho

Baada ya kipindi kile tulizungumza na mwanachuo wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mkufunzi, nilijibu hivyo kwa sababu sikujua, na niliona aibu." Hatukumlaumu, maana nasi tumewahi kuona aibu hiyo. Siku ya pili aliingia darasani akawaambia watoto kwamba jibu lake la jana halikuwa sahihi, akafundisha upya kwa pampu na mtungi. Mvulana yule akanyosha mkono tena: "Na huo mtungi wa fundi ukijaa gesi, unapelekwa wapi?" Safari hii mwanachuo alisema: "Sijui. Nitamwuliza fundi, nitawaletea jibu Jumatatu." Heshima yake haikupungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi?
2. Tayarisha andalio la somo la hatua ya pili kwa shule isiyo na spiriti.
3. Chagua kifaa kingine kijulikanacho kijijini kwenu. Kikiondolewa sehemu moja, ni maswali gani matatu utakayowauliza watoto kwanza?