SOMO: TUTEMBEE PAMOJA

Kisukari na presha vimeingia hata vijijini. Tuone wenzetu walifanya nini.

Huko Arizona, Marekani, karibu na mpaka wa Mexico, kuna familia nyingi zinazosema Kihispania. Kisukari huwapata watu hawa kuliko Wamarekani weupe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza mpango ulioitwa Pasos Adelante, maana yake "Hatua Mbele". Watu walikutana kwa wiki 12, wakajifunza juu ya moyo, kisukari na chakula bora, na wakaunda vikundi vya kutembea.

Waliofundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa promotora, yaani wahudumu wa afya wa mtaani. Hawa wanajua lugha ya jirani na chungu chake. Maharagwe na chapati za mahindi za kwao si adui. Adui ni mafuta mengi, chumvi na soda.

Na sisi je? Mama anayelima kutwa ameshatoa jasho. Yeye apunguze sukari ya chai na chumvi. Lakini anayekaa dukani kutwa atembee haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Ukitembea peke yako utachoka upesi. Mkiwa kikundi, jirani atabisha hodi. Mwenye dawa asiziache, aulize zahanati kwanza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Nani kwetu anaweza kuwa promotora?
2. Tutatembea siku gani, saa ngapi?
3. Kwenye mikutano yetu, tunywe nini badala ya soda?