Upepo wa Septemba: Linda Olopololi na Ndama Wako

Wafugaji wa Longido, Monduli na Simanjiro mnaujua upepo huu. Kuanzia Septemba mpaka mvua za vuli, asubuhi kumetulia, jua likipanda upepo unaamka, na mchana vumbi limejaa machoni. Usiku baridi inarudi. Wakati huo nyasi nyingi zilizobaki ziko kwenye olopololi, mliyoitunza tangu masika kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Ikiungua sasa, haioti tena mpaka mvua inyeshe.

Moto unaweza kuletwa na warina asali au wachoma mkaa, lakini mwingine unaanzia nyumbani. Majivu ya jana huwa na makaa hai ndani. Akina mama, yafukieni shimoni. Maji ni shida, najua, udongo unatosha. Katika boma moja nililotembelea, makaa yaliingia kwenye samadi. Juu hapakuonekana mwali, chini moto uliendelea kula. Siku ya tatu upepo uliufukua, ukashika miiba ya uzio. Mbuzi walitoka. Ndama wawili waliofungwa kamba hawakutoka. Kwa hiyo msimu huu ndama walale bila kamba, na mlango wa zizi uzuie fisi lakini hata mtoto aweze kuufungua.

Kuchoma nyasi ili kutengeneza kinga ya moto ni kazi ya mapema, si ya mwezi huu. Sasa tumia midomo ya ng'ombe: walisheni wakubwa kwenye ukingo wa olopololi, upande upepo unakotokea, mpaka nyasi ziwe fupi kabisa, kisha fyekeni na kuparua udongo. Njia nyembamba ya ng'ombe haitoshi, cheche huivuka. Upana wa hatua kumi ni afadhali, na zaidi ni bora.

Moto ukija, usikimbize kundi mbele yake wala kupanda nalo mlima, kwa kuwa moto hupanda mlima mbio. Lipeleke pembeni, kwenye udongo mtupu au mahali palipoliwa hadi chini. Moto ukipita, kagua kwato, chuchu na midomo kila siku kwa wiki nzima, maana kwato iliyoungua inaweza kuonekana nzima leo na kuachia baadaye. Poza jeraha bichi kwa maji safi. Usipake oili chafu wala mafuta ya taa. Wanyama waliovuta moshi mwingi wasitembezwe mbali.

Baridi ya usiku baada ya joto la mchana huwaumiza zaidi wanambuzi na wanakondoo. Wakinge upepo, walale pakavu, lakini usizibe kila tundu. Chuchumaa usawa wa pua zao: harufu ya mkojo ikikuchoma macho, hewa haitoshi. Asubuhi waache waote jua kwanza kabla ya kwenda malishoni.

Mtoto anayekohoa, anayetoa makamasi na kukataa kunyonya huenda ana kichomi. Usimchome dawa iliyobaki ya mwaka jana. Mwite afisa mifugo. Wakikohoa mbuzi wengi, hata wakubwa, inaweza kuwa homa ya mapafu ya mbuzi. Hapo usiwapeleke kisimani pamoja na kundi la jirani, na toa taarifa siku hiyo hiyo.