Themostati ya Kombi Isiyotumia Maji: Isitupwe, Ipimwe

Kombi ya Volkswagen ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na katika Afrika ya Mashariki ilipata kazi nyingi: kuchukua abiria, mizigo, na wageni waendao kutazama wanyama. Mtambo wake umewekwa nyuma, na haupozwi kwa maji bali kwa hewa. Motokaa ndogo ya kampuni hiyo hiyo, yenye mtambo wa namna moja na huo, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, katika barabara za vumbi na matope. Huko Brazil kombi zipozwazo kwa hewa ziliendelea kuundwa hata mwaka 2005. Kwa hiyo magari haya ni ya zamani, lakini wapo watu wanaoyatunza na kuyaendesha hata leo.

Watu wengi hudhani kwamba gari lisilo na rejeta halina haja ya themostati. Mafundi wengine huifungua na kuitupa, wakisema kwamba kitu hicho ni cha nchi za theluji, wala hakifai katika nchi ya jua. Neno hili si kweli, na mwenye gari ndiye alipaye gharama yake.

Mfano mzuri ni Lurambi, karibu na mji wa Kakamega. Ingawa Ikweta haiko mbali, mahali hapa pako juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, mvua ni nyingi, na alfajiri huwa na baridi. Mtambo uliolala nje usiku kucha huamka baridi, na oili yake ni nzito. Pangaboi likiupulizia hewa yote mara tu unapowashwa, huchelewa kupata moto unaostahili. Mtambo uendao baridi hula petroli nyingi. Petroli isiyoungua vema huosha oili katika kuta za silinda, chuma kikasuguana na chuma. Mvuke nao huchanganyika na oili ukafanya tope. Uharibifu huu hauonekani siku moja, lakini hupunguza maisha ya mtambo mwaka hata mwaka.

Yafaa kujua jinsi kazi inavyofanyika. Pangaboi na dainamo huzungushwa na mkanda mmoja. Hewa husukumwa ndani ya kasha la bati, ikapita katika mbavu za silinda nne na kuondoa joto. Ndani ya kasha hilo mna vilango vya hewa. Chini ya mtambo, upande wa kulia, ambao kwa magari ya Kenya ndio upande wa dereva, mna kikopo chenye mikunjo kama mvukuto mdogo wa mhunzi. Hicho ndicho themostati. Mtambo ukiwa baridi, kikopo hujikunja na kuvuta fimbo, vilango vikafunga. Ukipata moto, kikopo hurefuka na kuisukuma fimbo, vilango vikafunguka. Mitambo ya kwanza haikuwa na vilango bali pete katika mdomo wa pangaboi, na kombi kubwa za tangu 1972 zina mpango mwingine wa waya. Lakini maana ya kazi ni ile ile.

Themostati ya asili ilitengenezwa kwa busara. Ikitoboka hurefuka na kubaki hivyo, vilango vikabaki wazi. Basi themostati iliyokufa haiunguzi mtambo. Huuacha baridi tu. Hatari ya kuungua hutoka kwa vilango vilivyoshikwa na kutu, au fimbo iliyopinda, vikakwama vikiwa vimefungwa. Ndiyo maana haitoshi kuitazama themostati peke yake.

Njia ya kuipima ni hii. Kabla ya yote mtambo uzimwe na upoe, na gari liegemezwe juu ya vigingi imara, si juu ya jeki peke yake.

Kwanza, lifunguliwe bati la chini upande wa kulia. Kikopo kikiwa kifupi wakati wa baridi, ni dalili njema. Kikiwa kirefu wakati wa baridi, kimetoboka, na hakina budi kubadilishwa.

Pili, kikopo kifunguliwe, kitundikwe kwa uzi katika sufuria ya maji baridi, kisiguse chini, na maji yatiwe moto. Joto likifika digrii 65 hata 70 za sentigredi, urefu wake usipungue milimita 46. Asiye na kipimajoto atazame tu: kikopo kizima hurefuka kabla maji hayajachemka, na kikitolewa kikapoa hujikunja tena.

Tatu, kikopo kikiwa kimetolewa, fimbo isogezwe kwa mkono. Vilango vifunguke na kufunga bila kukwama.

Nne, vyote virudishwe, na mtambo uendeshwe mpaka upate moto kamili, kisha uzimwe. Vilango viwe wazi kabisa. Visipokuwa wazi, bolti ya kishikizo cha kikopo ilegezwe, kishikizo kisogezwe mpaka vilango vifunguke vyote, kisha ikazwe.

Mambo mengine manne yatunzwe pamoja na hayo. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati uingie kiasi cha milimita 15 tu. Mpira unaozunguka mtambo usiwe na nafasi, maana joto la chini hurudi juu kwa njia hiyo. Mbavu za silinda zisafishwe. Katika barabara ya Malava na Webuye, ipitayo penye mashamba ya miwa, vumbi na takataka huvutwa na pangaboi, vikashikana na oili na kuziba njia ya hewa. Oili nayo, ambayo ni lita mbili na nusu tu, itazamwe mara kwa mara, kwa kuwa husaidia kupoza mtambo.

Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka safarini, dereva asimame mara moja. Huenda mkanda umekatika, na bila mkanda hakuna pangaboi, wala hewa. Akijaribu kufika kituo kinachofuata, aweza kuua mtambo mzima pale pale.

Sufuria ya maji na kazi ya asubuhi moja ni gharama ndogo. Kufungua mtambo wote na kununua silinda mpya ni gharama ambayo wengi hawaimudu, na gari lililolala halimfikishi mgonjwa hospitalini wala mboga sokoni. Themostati basi ipimwe kwanza. Ikiwa nzima irudishwe mahali pake, na ikiwa mbovu itiwe nyingine.