Kalamu au Karamu? Somo la Sauti za Lugha

Huku Tabora tumeona jambo linalowavunja moyo wanakisomo. Mama anasoma "karamu", anatamka "kalamu", darasa linacheka. Kesho yake haji. Hivi kosa ni la nani?

Kwanza tutenge herufi na sauti. Herufi huonekana, sauti husikika. Katika neno "shoka", s na h ni herufi mbili lakini sauti moja. Na ng' ya ng'ombe ni sauti moja tu, ingawa kuiandika ni kazi.

Kila lugha ina sauti inazozijali. Kiswahili kinajali l na r. Badili hiyo sauti moja tu, maana inageuka: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Sauti yenye nguvu ya kugeuza maana namna hii wataalamu huiita fonimu. Sasa basi, Kinyamwezi kina l, lakini hakina r ya kushindana nayo. Sikio lililolelewa hivyo halijazoea kuzitenga. Huo si ujinga.

Tena pima upande wa pili. Kiswahili kina irabu tano. Kinyamwezi kina saba, fupi na ndefu, na juu yake sauti hupanda na kushuka. Ile mh ya "mhola", inayotoka puani kwa pumzi, mpe mtu wa Bagamoyo aitamke, tuone nani atacheka!

Mambo haya ni ya siku nyingi. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, na wafanyabiashara wa pwani wakakaa Tabora na Ujiji. Kiswahili kilipanda kwa njia hiyo hiyo, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912.

Lakini katika kuandika tujihadhari, maana barua haiulizwi swali. Ukimwandikia mkweo "njoo tuzungumze habari ya mahali", atadhani mnagawana shamba, kumbe ni ng'ombe wa kuolea!

Zoezi: Soma kwa sauti, mwenzako aandike bila kuchungulia: kula, kura, mahali, mahari. Halafu someni "barabara". Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, maana ni sawasawa; ukiwa kwenye ya tatu, ni njia ya magari. Herufi ni zile zile.