Somo Letu: Mwalimu Asiyelipwa Afanye Nini?

Katika somo hili tunataka tuzungumze juu ya mshahara wa mwalimu. Kila muhula tunaletewa swali hili na walimu wa shule za kibinafsi na walimu wa bodi, kutoka Karatina, Othaya, Nanyuki na hata Kerugoya: "Nimefundisha miezi mitatu, sijaona hata shilingi. Mkuu wa shule anasema wazazi hawajamaliza karo. Sasa nifanye nini?"

Wengi hunyamaza. Wanaogopa kufukuzwa, au wanaona haya kumdai mtu wanayesali naye pamoja. Huku nyuma, duka limekataa kukopesha tena na mwenye nyumba anabisha mlango. Tusome pamoja tuone sheria inasema nini.

WALIOTUTANGULIA

Kudai mshahara si jambo geni kwa walimu wa Kenya. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, walimu waligoma na serikali ikakubali kuwaongezea mishahara hadi asilimia 200, kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ililipwa. Mwaka 1998 serikali ikasema pesa hakuna, walimu wakagoma tena mwezi wa Oktoba, wakarudi darasani mikono mitupu.

Lakini yale makubaliano yalikuwa yamewekwa kwa maandishi, yakachapishwa kama Ilani ya Sheria nambari 534 ya 1997. Maandishi hayasahau. Walimu waliostaafu wakati awamu zile zinangojewa walikwenda katika Mahakama Kuu ya Nakuru, wakitaka pensheni zao zihesabiwe kwa mishahara iliyoahidiwa. Mwaka 2008 mahakama ikakubaliana nao. Hata hivyo rufani zilifuata, malipo yakakawia miaka mingi, na wako wazee waliokufa wakingojea.

Mwaka 2015 ilikuwa hivyo tena, lakini mwisho wake tofauti. Tarehe 30 Juni, Jaji Nduma Nderi wa mahakama ya kazi aliamuru walimu waongezewe kati ya asilimia 50 na 60. Serikali haikulipa, na shule zilipofunguliwa Septemba walimu wakagoma. Mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufani ikaifuta ile amri. Walimu walipata mkataba mpya na TSC mwaka 2016, kwa njia ya mazungumzo.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, maandishi yana nguvu kuliko ahadi ya mdomo. Pili, kushinda kesi ni jambo moja na kupata pesa mkononi ni jambo lingine. Tatu, kukaa mezani na kuzungumza kusidharauliwe.

SHERIA INASEMA NINI

Kesi hizo ni za walimu wa serikali. Kwa mwalimu wa shule ya kibinafsi au wa bodi, kitabu cha kushika ni Sheria ya Kazi ya 2007. Haya ndiyo makubwa yake:

1. Mshahara wa mwezi unadaiwa mwezi ukiisha. Sheria haisemi "wazazi wakimaliza karo." Karo ni jambo kati ya shule na mzazi.

2. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yahitaji mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Akikosa kuuonyesha mahakamani, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha au kukanusha mlivyopatana. Kwa hiyo usikate tamaa eti hukupewa barua.

3. Hata mwalimu aliyefukuzwa kwa kosa lazima alipwe siku zote alizofanya kazi.

4. Dai lina muda wake. Ukikaa miaka mitatu bila kwenda mahakamani, mlango unafungwa. Maneno ya "ngoja muhula ujao" yamewala wengi.

Sheria hii haichagui. Shule ikiwa ya mfanyabiashara, ya bodi au ya kanisa, ni mwajiri. Mwalimu akijitolea kwa hiari yake, hilo ni sawa. Lakini kumnyima mshahara halafu kumwambia ajihesabu amejitolea, hilo si sawa.

HATUA ZA KUFUATA

Tuchukue mfano. Mwalimu anapata shilingi 14,000 kwa mwezi. Hajalipwa miezi minne, kisha anaambiwa asirudi tena, bila kosa na bila ilani. Anadai 56,000 za kazi aliyofanya, na 14,000 za ilani ya mwezi mmoja. Jumla ni shilingi 70,000. Tena anaweza kuuliza kama kule kufukuzwa kulikuwa kwa haki.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi. Ratiba ya masomo yenye jina lako, rekodi za kazi, taarifa za benki au za M-Pesa, ujumbe wa simu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya pili: andika barua ya madai kwa adabu. Taja miezi, kiasi na siku ya mwisho ya kulipwa. Baki na nakala iliyotiwa sahihi na aliyeipokea.

Hatua ya tatu: nenda kwa afisa wa kazi, kwa mfano hapa Nyeri mjini. Huko hulipi ada. Atamwita mwajiri mkae pamoja. Kesi nyingi zafaa kuishia hapo, hata kwa kulipwa kidogo kidogo, mradi mapatano yaandikwe.

Hatua ya nne: mahakama. Nyeri tuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tena tangu 2018 mahakimu wakazi wandamizi na walio juu yao husikiza madai ya kazi ya mtu ambaye mshahara wake hauzidi 80,000 kwa mwezi. Waweza kujisimamia mwenyewe au kusimamiwa na wakili au chama chako.

Onyo: usitie sahihi karatasi ya kusema umelipwa yote kama hujalipwa. Na usichukue mali ya shule eti kufidia deni. Hapo wewe ndiwe utakayeshtakiwa.

Kwa wenye shule nasi tunawaomba: mkikwama, waiteni walimu muwaonyeshe hesabu, na muandike siku ya kulipa. Dawa ya deni ni kulipa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, walimu wa shule zilizo karibu nasi wana mikataba ya maandishi?
2. Mzazi anayechelewesha karo, naye ana sehemu gani katika taabu ya mwalimu?
3. Ni nani kati yetu anaweza kumsindikiza mwalimu mpaka kwa afisa wa kazi, asiende peke yake?