Kompyuta Isipowaka: Hatua za Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Katika mitaa ya Kata ya Nguvumali, kompyuta si chombo cha ofisini peke yake. Imo katika duka la stesheneri ambako mwanafunzi hujaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, mfanyabiashara huombewa leseni kupitia mfumo wa TAUSI, na mzazi hutolewa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Imo pia majumbani, juu ya meza ya mwalimu anayetunga mitihani na ya kijana anayetafuta ajira. Chombo hicho kinapozimika siku ya mwisho ya kupokea maombi, hasara haimwangukii mwenye mashine tu, bali na wote waliosimama foleni mlangoni kwake.

Hata hivyo, si kila kompyuta iliyozimika imeharibika. Mara nyingi kasoro iko kwenye waya uliolegea, fyuzi iliyokatika, vumbi lililojaa kwenye feni au betri ndogo ya saa iliyokwisha nguvu. Mambo hayo mkazi anaweza kuyakagua mwenyewe kwa muda mfupi na bila gharama, au kwa gharama ndogo. Makala hii inaeleza utaratibu wa ukaguzi huo, na inaonyesha mahali ambapo mtumiaji anapaswa kusimama na kumwachia fundi.

Kanuni tatu za ukaguzi

Kanuni ya kwanza ni kuanza nje na kumalizia ndani. Umeme hupita kwenye soketi, waya na plagi kabla ya kuifikia mashine. Ukaguzi nao ufuate njia hiyo hiyo. Kanuni ya pili ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadili waya, kiwambo na kibodi kwa mpigo mmoja hatajua ni kipi kilikuwa kibovu, hata mashine ikiwaka. Kanuni ya tatu ni kuandika: mashine ilizimika lini, ilikuwa inafanya nini, ilitoa mlio gani na iliandika maneno gani kwenye kiwambo. Maelezo hayo humpunguzia fundi kazi ya kubahatisha, na humpunguzia mwenye mashine gharama.

Mashine haiwaki kabisa

Soketi ikaguliwe kwanza kwa kuchomeka kitu kingine, kama vile taa au chaja ya simu. Ikiwa hicho kinawaka, soketi ni nzima. Kisha ekstensheni iondolewe na kompyuta ichomekwe moja kwa moja ukutani, maana ekstensheni nyingi hulegea ndani baada ya matumizi ya muda mrefu.

Plagi ya miguu mitatu bapa ina fyuzi ndani yake. Fyuzi ikikatika, ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zile zile zilizoandikwa juu yake. Ni hatari kuweka kipande cha waya au karatasi ya bati la sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla waya haujashika moto; anayeiondoa ameondoa ulinzi wa nyumba yake.

Nyuma ya kompyuta ya mezani kuna swichi ndogo yenye alama mbili: mstari una maana ya kuwasha, na duara lina maana ya kuzima. Mara nyingi mtu anayefagia au kusogeza meza huigusa bila kujua. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi nyingine, kwa kawaida nyekundu, yenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, hivyo swichi hiyo lazima isome 230. Mashine iliyotumika Marekani inaweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115, na ikichomekwa hivyo hapa nchini, kifaa chake cha kusambaza umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, huungua. Anayenunua mashine iliyotumika aitazame swichi hiyo kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza.

Kwa kompyuta mpakato, chaja ichomolewe na betri itolewe ikiwa ni ya kutoka. Kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa muda wa sekunde 30 hivi, kisha chaja peke yake irudishwe na mashine ijaribiwe. Chaja ya kuazima iwe na volti sawa na zilizoandikwa kwenye chaja halisi, na ampea zisizopungua zile.

Umeme upo, lakini kiwambo ni cheusi

Taa ikiwaka na feni ikizunguka huku kiwambo kikibaki cheusi, kiwambo ndicho kikaguliwe kwanza. Je, taa yake inawaka? Je, waya unaokiunganisha na kompyuta umeshikamana sawasawa pande zote mbili? Kiwambo kikiweza kujaribiwa na kompyuta nyingine, jibu hupatikana mara moja.

Kiwambo kikiwa kizima, mshukiwa anayefuata ni kumbukumbu ya muda, yaani kile kibao chembamba kiitwacho ramu. Kompyuta nyingi hutoa milio mifupi inayojirudia pale isipoiona ramu yake. Hewa ya pwani ya Tanga ina unyevu na chumvi, na vitu hivyo hutia utando kwenye sehemu za chuma zinazogusana. Kwa sababu hiyo, kuichomoa ramu na kuirudisha mahali pake kunaweza kutosha kuifufua mashine.

Kazi hiyo ifanywe kwa utaratibu ufuatao:

1. Mashine izimwe na waya wa umeme uchomolewe ukutani.
2. Kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliosalia uishe.
3. Kifuniko cha ubavuni kifunguliwe, na mtumiaji aguse chuma kitupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini mwake.
4. Vibanio vya pembeni mwa ramu vifunguliwe, ramu itolewe kwa kushikwa kingo zake, na meno yake yafutwe taratibu kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi.
5. Ramu irudishwe na kusukumwa mpaka vibanio vijifunge vyenyewe.

Saa iliyorudi nyuma

Lipo tatizo moja ambalo huwapotosha watu wengi. Kompyuta inawaka vizuri, intaneti ipo, lakini tovuti na mifumo ya maombi inakataa kufunguka, ikionya kwamba mawasiliano si salama. Mwenye mashine huulaumu mtandao na kununua bando jingine. Kumbe tarehe ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ya duara kama sarafu, yenye volti 3 na namba CR2032 juu yake. Kazi yake ni kuiendesha saa ya mashine wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikiisha nguvu, saa hupotea kila mashine inapochomolewa ukutani. Tovuti salama hutumia vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba ipo miaka kumi nyuma huviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kutumika, na hukataa kuendelea.

Dawa yake ni kurekebisha tarehe, kisha kununua betri mpya ya namba hiyo hiyo. Betri ya namna hii ina bei ndogo kuliko bando lililopotea bure. Inapowekwa, upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu, kama ilivyokuwa ile ya zamani.

Mashine inayojizima yenyewe

Kompyuta inayofanya kazi kwa dakika kadhaa kisha ikazimika ghafla, mara nyingi imezidiwa na joto. Prosesa hupozwa na feni pamoja na mapezi ya chuma. Vumbi la barabara likijaa humo, hewa haipiti, na mashine hujizima ili isiungue. Hali hiyo huwa mbaya zaidi majira ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto la pwani linapopanda.

Mashine isiwekwe sakafuni karibu na mlango, wala kusogezwa mpaka igusane na ukuta. Kompyuta mpakato isitumiwe juu ya godoro au mto, kwa kuwa matundu yake ya hewa yapo chini. Vumbi liondolewe kwa brashi laini huku umeme umechomolewa na feni imeshikwa kwa kidole isizunguke.

Mahali pa kusimama

Kuna mambo manne ambayo mkazi hapaswi kuyagusa wala kuyalazimisha.

La kwanza ni kufungua pawa saplai yenyewe. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua.

La pili ni betri ya kompyuta mpakato iliyovimba. Isitobolewe, isikandamizwe na isichajiwe tena.

La tatu ni mashine iliyomwagikiwa chai au kunyeshewa wakati wa masika. Izimwe mara moja, ichomolewe, ielekezwe chini ili maji yatoke, na isiwashwe mpaka fundi aikague. Kinachoiua mashine iliyolowa ni kuwashwa kabla haijakauka.

La nne ni diski kuu inayogonga au kukwaruza. Mlio huo ni dalili kwamba sehemu zinazozunguka ndani yake zinaharibika. Kila mara inapowashwa, huenda taarifa nyingine zinapotea. Mashine izimwe, na fundi aelezwe wazi kwamba kazi ya kwanza ni kuokoa taarifa, ya pili ni matengenezo.

Jambo hili la nne ndilo zito kuliko yote. Kompyuta ina bei na nyingine itanunuliwa. Mitihani ya muhula mzima, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa au picha za marehemu hazina duka la kuzinunua. Kwa hiyo nakala za kazi zihifadhiwe mahali pengine mashine ingali nzima, kwenye flashi au diski ya nje isiyoachwa imechomekwa muda wote.

Anapoitwa fundi

Kabla ya kukabidhi mashine, mwenye nayo aandike namba yake ya utambulisho, akubaliane na fundi juu ya gharama, adai risiti, na aombe kurudishiwa kifaa chochote kilichobadilishwa. Wenye maduka ya stesheneri wana wajibu wa ziada. Mashine zao hubeba vyeti na namba za vitambulisho vya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa hizo zilindwe. Nakala zisizohitajika zifutwe mara kazi ya mteja inapokwisha, badala ya kusubiri siku mashine itakapopelekwa kwa fundi.

Vifaa vilivyokufa visichomwe moto wala kutupwa pamoja na taka za jikoni, kwa kuwa vina madini ya sumu kama risasi. Vitenganishwe na taka nyingine na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki.

Kinga ya kila siku

Umeme unapokatika, kompyuta ichomolewe, na irudishwe dakika chache baada ya umeme kutulia. Mvua ya radi inapoanza, waya wa umeme na ule wa intaneti vyote vichomolewe. Usiku mashine ifunikwe kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa. Kila baada ya miezi mitatu vumbi lisafishwe na nyaya zikaguliwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayetenga nusu saa kuikagua mashine yake leo huenda akawaepusha jirani zake na adha ya kuikuta imezimika siku ya mwisho ya maombi.