Mtoto Aliyeletwa Nyumbani Mwako
Somo kwa wazazi na walezi



Katika miezi ya karibuni wazazi watatu wa parishi yetu wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lile lile. Wamesikia kwa Afisa Ustawi wa Jamii kwamba wako watoto wanaohitaji nyumba ya kukaa, nao wanaona wana nafasi, tena wana moyo. Je, wafanyeje? Nimeona heri nijibu hapa ili wengi wafaidike. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha watoto kwa zaidi ya miaka 30. Lakini sitaficha kwamba mambo makubwa ninayoyajua juu ya malezi haya nilifundishwa na mtoto mmoja aliyeletwa nyumbani kwetu, na kwamba kabla sijajifunza nilimkosea.

1. Maana ya neno

Sheria yetu hutumia maneno "malezi ya kambo". Wengi wakisikia kambo humfikiria mara moja mama wa kambo, nao huingiwa na hofu, maana hadithi zake nyingi ni za mateso. Lakini katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kanuni zake za mwaka 2012, jambo hili ni jingine. Mtu mzima mwenye tabia njema hukabidhiwa mtoto asiye wake, amtunze nyumbani mwake chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii, kwa sababu mtoto huyo hawezi kukaa na wazazi wake kwa wakati huo. Pengine wamefariki, pengine hawajulikani waliko, pengine ni wagonjwa, au nyumba yao imekuwa mahali pa hatari kwake.

Malezi haya si sawa na kuasili. Mtoto akiasiliwa kwa amri ya Mahakama Kuu, huwa mtoto wako kabisa kisheria. Mtoto wa malezi ya kambo bado ana kwao, na tumaini la kwanza ni kwamba, ikiwezekana, atarudi siku moja kwa ndugu zake. Tena ziko familia za kuaminika, ambazo humpokea mtoto kwa muda mfupi wakati wa dharura, mathalani mtoto aliyeokolewa usiku kutoka katika mateso.

Wala malezi si kumchukua binti wa ndugu yako kijijini, kumleta mjini achote maji na kubeba mtoto wako mchanga, huku shule ikisahauliwa. Huo ni utumishi uliovikwa jina la undugu.

Anayetaka kulea aanze katika ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yake. Afisa atataka kuijua nyumba: nani wanakaa humo, mtoto atalala wapi, mnaishi kwa kazi gani. Msikasirike. Anayekabidhi mtoto bila kuuliza maswali hampendi mtoto huyo. Nanyi pigeni hesabu zenu mapema. Ada katika shule za serikali iliondolewa kuanzia msingi hadi kidato cha 4, na mwaka 2022 kwa kidato cha 5 na cha 6. Lakini sare, viatu, madaftari, chakula na matibabu vyataka mkono wa mlezi.

2. Mtoto huja na mzigo

Mtoto aliyeletwa kwetu alikuwa na miaka 10. Alikuja na kiroba kidogo chenye mashati mawili na kaptula. Wiki mbili za kwanza alikuwa mtulivu mno, hata tukamsifu kwa majirani. Wiki ya tatu mke wangu alikuta vipande vya ugali mkavu chini ya godoro. Kisha akaanza kukojoa kitandani. Kisha akaivunja redio yangu, na nilipomwuliza akakana, ingawa nilikuwa nimemwona kwa macho yangu.

Chuoni tulifundishwa habari za daktari Mwingereza, John Bowlby, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani juu ya watoto waliotengwa na wazazi wao. Alionyesha kwamba mtoto mdogo huhitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake, au na mtu anayeshika nafasi ya mama. Tuliyaandika hayo katika mtihani, tukafaulu, tukayasahau.

Baadaye wataalamu wengine walikwenda Bucharest, mji mkuu wa Romania, ambako watoto wengi walikuwa wakikua katika vituo. Kuanzia mwaka 2000 na kuendelea waliwafuatilia watoto 136. Nusu yao walichaguliwa kwa kura kupelekwa kwa walezi majumbani, na nusu waliachwa katika matunzo ya kawaida ya pale. Waliopata walezi walikua vizuri zaidi katika akili na katika uhusiano wao na watu, na katika mambo mengi waliofaidika zaidi ni wale waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka 2. Kituo chaweza kuwa safi na chakula kikatosha, lakini wahudumu hupokezana zamu, na mtoto hutafuta mtu mmoja aliye wake.

Mtu asifikiri basi kwamba mwenye miaka 10 au 15 amekwisha kupotea. La, ila huchukua muda mrefu zaidi. Huyo amejifunza somo moja moyoni: watu wazima huondoka. Kwa hiyo anapoanza kukuzoea huogopa, naye hukujaribu aone kama nawe utamwacha. Ugali ule chini ya godoro haukuwa wizi. Ulikuwa akiba ya siku tutakapomfukuza.

3. Neno nililolisema

Hayo yote sikuyakumbuka siku ya redio. Nilikasirika, nikamwambia mbele ya watoto wangu, "Ukiendelea hivi, nitakurudisha ulikotoka." Nilidhani ni onyo tu, kama sisi walimu tulivyozoea kuonya.

Hakulia wala hakujibu. Usiku ule alikunja nguo zake, akazitia katika kiroba, akakiweka karibu na mlango, akalala amevaa viatu. Usiku wa pili akafanya vivyo hivyo. Usiku wa tatu mke wangu aliniamsha, akanionyesha kwa taa, akasema, "Mwalimu, njoo uone neno lako limefanya nini."

Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia. Nilimwambia, "Nilikosea. Ukivunja kitu tutakitengeneza pamoja. Sitakutisha tena kwa kukuondoa." Hakuniamini, wala sikumlaumu. Redio tuliipeleka kwa fundi mimi na yeye, naye akachangia kwa fedha ya mayai ya kuku aliowatunza. Viatu alivivua baada ya wiki chache. Kiroba kilikaa mlangoni karibu miezi mitatu.

Kwa hiyo, mkisahau mengine yote katika somo hili, shikeni hili moja: msimtishe mtoto wa malezi kwa kumwondoa, hata kwa utani. Ukali mwingine mtoto huweza kuusahau, lakini tishio hilo humthibitishia jambo analoliogopa kuliko yote.

Wala msimwahidi kwamba atakaa kwenu milele, maana si ninyi mnaoamua. Mwambieni lililo kweli: "Leo uko hapa. Kesho utaamka hapa. Jambo likibadilika, tutakuambia mapema." Ahadi ndogo inayotimizwa kila siku humponya kuliko ahadi kubwa.

4. Mambo ya kushika kila siku

(a) Utaratibu. Saa ya kula, ya kuoga, ya kusoma na ya kulala zijulikane. Mtoto ambaye maisha yake yamepinduka hutulia akijua kitakachofuata. Anayeficha chakula msimkemee. Mwonyesheni chombo chenye ndizi au viazi, mkamwambie, "Hiki ni chako, hata usiku." Anayekojoa kitandani asiaibishwe. Mpeni mpira wa kutandika juu ya godoro, mfue shuka kimya kimya, na hali ikiendelea mpelekeni kwa mganga wa zahanati.

(b) Jina lake na watu wake. Msimbadili jina, wala msimlazimishe kuwaita baba na mama. Kwetu aliniita Mwalimu, na mke wangu Mama Mwalimu, basi ikatosha. Msiwaseme vibaya wazazi wake, hata kama walikosa sana, maana anaposikia mama yake ni mbaya, hujiona naye ni tawi la mti mbaya. Huko Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: majina ya babu na bibi, kijiji chao, siku mtoto alipozaliwa, chakula alichokipenda. Nasi tulinunua daftari moja tukaanza na machache aliyoyakumbuka. Ukurasa wa kwanza alichora mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba yao.

(c) Usawa. Kipande cha nyama, sabuni, sare ya sikukuu, zamu ya kuosha vyombo: vyote viwe sawa na vya watoto mliowazaa. Akija mgeni, msimtambulishe kwa kusema, "Huyu ni yule yatima tunayemsaidia." Semeni jina lake, basi. Wala msiwasahau watoto wenu wenyewe. Elezeni kabla hajaja, wasikilizeni wakinung'unika, na mtengeni saa yao ya kukaa nanyi peke yao.

(d) Adhabu. Nilikua katika fimbo, nikafundisha katika fimbo, najua hoja zake. Lakini mtoto aliyeondolewa kwao kwa sababu ya kupigwa, fimbo yako haimfundishi adabu. Humfundisha kwamba nyumba zote ni moja. Kosa lilipwe kwa kutengeneza kilichoharibika, kisha liishe. Asubuhi lisirudiwe.

(e) Kijana wa miaka 13 na zaidi. Huyu hataki kulelewa kama mtoto mchanga, lakini bado anahitaji kulelewa. Mpeni mahali pa kuweka vitu vyake ambapo hapapekuliwi. Mweleze mapema habari za mwili wake, binti na mvulana pia, kabla mtaa haujamweleza. Mwulizeni maoni yake juu ya shule, ufundi, na kutembelea ndugu. Sheria ya Mtoto yenyewe humpa haki ya kusema neno katika mambo yanayohusu maisha yake. Akirudi amechelewa, swali la kwanza liwe, "Uko salama?" na la pili ndilo liwe, "Ulikuwa wapi?"

(f) Siri. Siku moja, labda mkichambua mchicha au mkitembea njiani, mtoto atasema jambo zito alilotendewa. Msishtuke mbele yake, wala msimhoji kama askari. Mwambieni, "Umefanya vema kuniambia, wala si kosa lako." Lakini msimwahidi kulificha. Mtoto aliyeumizwa anahitaji ulinzi, hivyo Afisa Ustawi wa Jamii aelezwe. Iko pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

5. Kuagana

Mtoto wetu alikaa nasi miaka mitatu. Kisha mjomba wake, ndugu wa mama, akapatikana. Afisa alikwenda kuiona nyumba yake. Kwanza kijana alikwenda siku mbili, halafu likizo nzima, ndipo akahamia. Tuliomba iwe polepole hivyo, nasi nawashauri mwombe vivyo hivyo, maana kuondoka kwa ghafla kungerudisha kiroba mlangoni.

Siku ya safari alifunga mwenyewe nguo zake katika begi tulilomnunulia, pamoja na daftari lake. Mke wangu alilia kwa siku kadhaa, nami nilikuwa nikikaa barazani jioni bila kusema. Jirani mmoja alituuliza, "Sasa mmepata faida gani?" Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, lakini hawakusema kwamba anayelea hulipwa kwa kubaki na mtoto. Katika kitabu cha Esta twasoma jinsi Mordekai alivyomlea binti yule asiye na baba wala mama, na hata alipochukuliwa kwenda nyumba ya mfalme, Mordekai alipita kila siku mbele ya ua ili kujua hali yake. Nasi twaweza kufanya hivyo kwa simu. Mwisho wa mwezi hunipigia, "Shikamoo, Mwalimu," nami namwuliza kama redio ya mjomba wake ni nzima.

Kwa wale wazazi watatu, jibu langu ni hili: nendeni kwa Afisa, lakini kabla ya kwenda kaeni mume na mke, na watoto wenu, mwulizane kama mtaweza kuvumilia miezi ya kujaribiwa bila kulitamka neno lile nililolitamka mimi. Mkiona hamwezi kwa sasa, si aibu. Saidieni nyumba inayolea kwa sare, kwa kibaba cha unga, au kwa kumfundisha mtoto hesabu jioni.

Maswali ya kujadiliana

1. Kuna tofauti gani kati ya malezi ya kambo, kuasili, na kumchukua mtoto wa ndugu?
2. Mtoto mtulivu mno siku za kwanza: je, hiyo ni dalili njema? Elezeni.
3. Ni maneno gani tunayowaambia watoto wetu kwa utani ambayo mtoto wa malezi angeyaamini?
4. Katika mtaa wenu iko nyumba inayolea mtoto asiye wao? Mwezi huu mtaisaidia kwa jambo gani?

Mwalimu mstaafu